Abiria wa ndege ndogo waelezwe mlango unafunguliwaje

Kuna jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu, yaani usalama wa abiria wa ndege ndogo zinazopita juu ya maji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Madale, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Si mtaalamu wa ndege, wala sijapata kushika usukani wa chombo chochote kilichozidi baiskeli. Lakini naona kuwa mambo ya usalama yakiachiwa wataalamu peke yao, sisi tunaobebwa tutabaki kuwa mizigo inayopumua.

Siku moja nilikuwa nafundisha darasa la tano juu ya vyombo vya usafiri. Tulishamaliza punda, mashua na garimoshi, tukafika kwenye ndege. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, ndege ikiingia majini mlango unafunguliwaje?" Darasa zima likageuka kunitazama. Nikajibu kama tunavyojibu walimu tunapobanwa, kwamba swali ni zuri na tutalirudia kesho. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mimi mwenyewe nimepata kupanda ndege ya namna hiyo.

Nilipanda mara mbili tu, kwenda Mafia na kurudi. Baba mkwe alifariki Kilindoni, na kwa njia ya barabara hadi Nyamisati na kisha chombo cha majini nisingewahi mazishi, basi shemeji zangu wakachanga nauli. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini moja, abiria tusiozidi 12. Mabegi yalipimwa, lakini sisi wenyewe hatukupimwa. Karani alituangalia kwa macho akaandika. Rubani, kijana mwenye adabu, aligeuka akasema maneno kwa Kiingereza, haraka haraka, akionyesha nyuma kwa kidole gumba, halafu injini ikanguruma. Bibi mmoja aliyeketi karibu nami akaniuliza: "Mwanangu, amesemaje?" Nikamjibu: "Amesema tufunge mikanda, mama." Rubani alikuwa amesema mengi kuliko hayo, na mimi sikuyashika. Kwa nusu saa tukawa juu ya bahari, bibi yule akinitegemea mimi, nami nikimtegemea Mungu. Wakati wa kurudi ndipo nilipopapasa chini ya kiti nikakuta mfuko wenye jaketi la kuokolea. Nilijaribu kuufungua kwa siri nikashindwa, nikaurudisha. Kapu langu la nazi na pweza mkavu nilikuwa nimelipakata, nalo halikupimwa.

Sisemi haya ili kumshitaki mtu. Rubani alituendesha vizuri, tukafika salama. Nasema kwa sababu najua kuwa wengi wanaosoma gazeti hili wamesafiri hivyo hivyo, wakashuka wakafurahi, na hawakujiuliza tena.

Ndugu Mhariri, wananchi wote wanakumbuka Jumapili ya tarehe 6 Novemba, 2022. Ndege ya Shirika la Precision aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, iliingia katika Ziwa Viktoria asubuhi, kiasi cha mita 500 tu kabla ya kufika kiwanja cha Bukoba, wakati hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walikufa, pamoja na marubani wote wawili. Watu 24 waliokoka. Ndege ile haikuwa ndogo kama ile yangu ya Mafia, lakini ndiyo iliyotufundisha jinsi ndege inavyozama, maana sehemu ya mbele ilizama na mkia ukabaki juu, na waliokoka wengi walikuwa wameketi upande wa nyuma.

Nani aliwafikia kwanza? Ni wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson, mvuvi wa pale Bukoba, alisimulia kuwa alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma, na watu wakatoka. Kasia, ndugu wasomaji! Waziri Mkuu alikwenda Bukoba siku hiyo hiyo, marehemu wakaagwa katika uwanja wa Kaitaba, kijana yule akapewa zawadi, na Rais akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lilikuwa jambo jema na la haki. Lakini mimi kama mwalimu huwa siridhiki mwanafunzi mmoja akifaulu na darasa zima likishindwa. Ikiwa usalama wetu ulitegemea kijana jasiri kuwa karibu na mtumbwi wake asubuhi ile, basi siku nyingine asipokuwapo itakuwaje?

Tena kiwanja cha Bukoba si peke yake. Mwanza uwanja uko ukingoni mwa ziwa hilo hilo, na Musoma vivyo hivyo uko kando ya maji. Kilindoni bahari haiko mbali. Ndege za Unguja na Pemba, zikitoka tu nchi kavu, zinakuwa juu ya bahari. Nchi yetu ina maziwa matatu makubwa na pwani ndefu. Ndege yetu ikipatwa na shida haikosi maji karibu.

Sasa kuna ndege za namna nyingine ambazo zinaruka kutoka majini kwenyewe, na hizi ndizo zilizonifanya niandike. Watu wa utalii wanazipenda. Kule Maldivi zinachukua watalii kila siku kutoka kisiwa hadi kisiwa. Nami sitashangaa siku moja kusikia mtu ameomba kibali cha kuzileta kwenye visiwa vyetu au kwenye ziwa. Zikija, zikaribishwe. Ila tusizione kuwa ni kitu kipya katika sehemu zetu, maana zilikwisha kuja zikaondoka. Kuanzia mwaka 1937 ndege kubwa za majini za kampuni ya Kiingereza iitwayo Imperial Airways zilikuwa zikipita kwetu katika safari yao ya kutoka Uingereza hadi Durban. Zilitua Kisumu ziwani, kisha Mombasa, Dar es Salaam bandarini na Lindi. Wazee waliokuwa watoto wakati ule walikuwa wakikimbilia ufukweni kuziangalia.

Moja ya ndege hizo, jina lake Corsair, ilituachia somo. Mwezi Machi 1939 ilitoka Port Bell, Uganda, kwenda Juba, ikapotea njia, na rubani akalazimika kuishusha katika mto karibu na Faradje, kaskazini mashariki ya Kongo. Hakufa mtu. Ndege ilijigonga kwenye mwamba ikatoboka. Mafundi waliletwa, wakaitengeneza kwa miezi kadhaa katika nchi ya joto na mbu, na mwezi Julai wakajaribu kuirusha. Katika kukimbia majini ili ipae, ikapiga mwamba tena, ikatoboka tena! Ikabidi kujenga bwawa ili maji ya mto yajae, na ndipo Januari 1940 ikaruka. Wataalamu wote wale, na mto ule walikuwa wameutazama miezi minne, lakini jiwe lililofichika chini ya maji liliwashinda. Kiwanja cha nchi kavu unaweza kukifagia. Kiwanja cha maji hubadilika kila saa: leo gogo linaelea, kesho wavu wa mvuvi, keshokutwa boti imepita kasi ikaacha mawimbi.

Naomba nieleze kidogo kazi ya kuruka kutoka majini, maana nilitafuta kusoma baada ya lile swali la mtoto. Ndege ndogo ya majini, badala ya magurudumu, ina maboya mawili marefu kama mitumbwi. Maji huyashika maboya yale na kuyavuta nyuma. Rubani anapoongeza moto, ndege kwanza inainua pua na kulima maji, kisha inapanda juu ya maji kama boti ya kasi, na hapo tu ndipo inapoweza kupata mwendo wa kupaa. Mtu angedhani maji yaliyotulia kama kioo ndiyo mazuri. La hasha. Maji yakitulia sana huyang'ang'ania maboya, na ndege inahitaji nafasi ndefu zaidi; na wakati wa kutua, rubani hawezi kujua kwa macho yuko juu kiasi gani, kwa kuwa anaona mawingu badala ya maji. Uzito ukizidi, mambo yanakuwa mabaya zaidi.

Katika uzito hapo naomba nitumie hesabu ya darasani. Ndege ina abiria 12. Kila mmoja ameandikwa kilo 10 pungufu ya uzito wake, kwa sababu karani ameona haya kumpima mama wa watu. Ndege inaondoka na kilo 120 ambazo rubani hazijui, yaani kama watu wazima wawili waliojificha ndani. Ndege kubwa haitajali sana. Ndege ambayo uzito wake wote, pamoja na mafuta na watu, haufiki tani 4, itajali sana, na itajali zaidi pale inapoanza kupaa, wakati mwendo bado ni mdogo na hakuna nafasi ya kurekebisha kosa. Ndiyo maana naona aibu ya mizani ni aibu ya kijinga. Zahanati wanatupima mbele ya watu na hatulalamiki.

Na ndege ya maboya ikianguka majini mara nyingi hupinduka. Maboya hubaki juu na chumba cha abiria huwa chini, kichwa kikiangalia tope. Abiria anajikuta ananing'inia kwenye mkanda, gizani, maji yakiingia puani, mlango umekunjika, kulia kumekuwa kushoto. Novemba 2009, katika kisiwa cha Saturna huko Kanada, ndege ndogo aina ya Beaver iliruka kutoka majini ikaanguka pale pale. Walikuwamo watu 8. Rubani na abiria mmoja walitoka. Sita, pamoja na mtoto mchanga, walikufa maji ndani ya ndege. Tena Januari 2025, huko Australia katika kisiwa cha Rottnest, ndege ya majini yenye watu 7 ilianguka wakati wa kuruka, watatu wakafa.

Jambo ninalotaka wasomaji walishike katika ajali ile ya Kanada ni kwamba waliokufa walikufa maji. Wachunguzi wa nchi ile walisema wazi kuwa milango na madirisha yafanywe ya kufunguka upesi, na abiria wavae vifaa vya kuelea. Iliwachukua miaka, lakini mwaka 2019 serikali yao ilitunga kanuni kwamba abiria wa ndege ndogo za majini za biashara wavae vifaa hivyo, na marubani wafundishwe namna ya kutoka ndani ya ndege iliyozama. Nchi tajiri yenye ndege nyingi za namna hiyo ilingoja miaka 10. Sisi hatuna sababu ya kungoja maiti zetu wenyewe ndipo tuandike kanuni.

Lakini kuvaa peke yake hakutoshi, lazima mtu aelezwe. Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikielekea Nairobi iliishiwa mafuta ikashuka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Katika watu 175, walikufa 125. Wengi walikuwa wameyajaza upepo maboya yao wangali ndani ya ndege. Maji yalipoingia, maboya yakawainua hadi darini yakawabana pale, wasiweze kuzamia mlangoni. Kitu cha kuokoa kikaua, kwa kukosa sentensi moja iliyosikika na kueleweka: usijaze upepo mpaka utoke nje.

Baada ya kusoma nilirudi darasani nikamjibu yule mtoto. Nikamwambia: Kabla ndege haijaondoka, hesabu viti kutoka kwako hadi mlangoni, kwa mkono, siyo kwa macho, maana chini ya maji macho hayatakusaidia. Angalia mkono wa mlango unavutwa upande gani. Ndege ikiingia majini, shika kitu kisichosogea kwa mkono mmoja na usikiachie. Ngoja mtikisiko uishe. Fungua mlango kwanza, mkanda baadaye, kwa sababu ukijifungua mapema utaelea ovyo usijue juu wala chini. Ukishatoka nje ndipo uvute kamba ya boya. Tukafanya zoezi kwa madawati, watoto wamefumba macho. Walicheka sana, na wawili waligongana vichwa, lakini kengele ilipolia kila mmoja alikuwa anajua mlango wa darasa uko viti vingapi kutoka alipo. Zoezi lilichukua dakika zisizozidi 20 na halikugharimu hata chaki.

Mwalimu mwenzangu, tulipokuwa tunakunywa chai, aliniambia kuwa najisumbua, ndege ni mambo ya wakubwa na watalii. Sikubaliani naye. Bibi yule wa Mafia hakuwa mkubwa wala mtalii. Mgonjwa anayetolewa kijijini na madaktari wa ndege, kazi ambayo AMREF waliianza mwaka 1957, hawi tajiri kwa sababu amelazwa ndani ya ndege. Mwalimu anayehamishiwa kisiwani, askari, mama mjamzito aliyezidiwa, hao ndio abiria. Na hata wangekuwa watalii watupu, mgeni akifa mikononi mwako si jambo la kusema halikuhusu. Mwezi Novemba 2017 ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Kilimanjaro kwenda Serengeti ilianguka katika milima ya Ngorongoro, eneo la Empakaai, wakafa wote 11, na msiba uliingia katika nyumba zetu na za wageni pia.

Wengine watasema, ajali ni kudra. Nami naamini kudra. Lakini wazee wa Afrika Mashariki wanaikumbuka ndege yetu ya East African Airways aina ya VC-10, iliyoshindwa kuruka Addis Ababa tarehe 18 Aprili, 1972, wakafa watu 43. Ilikanyaga kipande cha chuma cha kuwekea jeki kilichodondoshwa na ndege ndogo iliyotangulia kuruka, tairi likapasuka, na rubani alipotaka kusimama, breki hazikushika vizuri kwa kuwa sehemu zake zilikuwa zimefungwa vibaya. Chuma kile kilidondoka kwa mtu, na breki zile zilifungwa na mtu.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ihakikishe kuwa katika kila ndege ndogo inayopita juu ya maji, abiria wanaelezwa kwa Kiswahili, taratibu, injini ikiwa bado imezimwa, na wanaonyeshwa kwa mikono mlango unavyofunguliwa na jaketi linavyovaliwa. Kiingereza kifuate kwa ajili ya wageni. Kama rubani hajui Kiswahili, awepo karani wa kueleza pale chini kabla watu hawajapanda. Tena abiria mmoja, yule wa karibu na mlango, aufungue na kuufunga mwenyewe mbele ya wenzake. Kwa safari fupi za visiwani sioni kwa nini tusivae majaketi yale mepesi ya kiunoni tangu tunapopanda. Boti za Unguja zikiwa na mawimbi makali watu huyavaa bila kuona haya. Na mizani ipime watu na vikapu vyao, pamoja na kapu langu.

Kwa wavuvi wa Bukoba, Mwanza, Musoma na kwingineko, naomba wasiachwe kuwa mashujaa wa bahati. Waandikishwe wale wanaovua karibu na viwanja, wapewe simu ya kuita na kuitwa, wapewe kamba, shoka la kuvunjia dirisha na mafuta ya boti yaliyotengwa, na mara moja au mbili kwa mwaka wafanye mazoezi pamoja na askari wa zimamoto na polisi wa majini, ili siku ya shida kila mtu ajue nani anatoa amri na nani anavuta kamba. Nchi iliyozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, wa Spice Islander mwaka 2011 na wa MV Nyerere mwaka 2018 haihitaji kufundishwa kuwa dakika za kwanza ndizo zenye uhai wa watu, na kwamba katika dakika hizo aliye karibu huwa ni mvuvi.

Na hao watakaoleta ndege za maboya, ikiwa watakuja, wakute kanuni zipo tayari: sehemu ya maji iliyopimwa na kuwekewa alama, boti ya uokoaji ikiwa na mtu ndani yake wakati wa kila kuruka, milango ya kufunguka upesi, na rubani aliyekwisha kupinduliwa kwenye bwawa la mazoezi akatoka mwenyewe.

Kuna jambo la mwisho ambalo linatuhusu sisi walimu. Watoto wangu wa Madale wengi hawajui kuogelea, ingawa bahari ya Mbweni haiko mbali. Wenzao wa Kunduchi wanajua kwa kuzaliwa ufukweni. Sijui tufanyeje, maana bwawa hatuna, na kuwapeleka watoto 60 baharini na walimu wawili ni kutafuta msiba mwingine. Kama kuna shule iliyopata njia, walimu wake waandike hapa nasi tuige.

Ningefurahi, Ndugu Mhariri, kama wahusika wa usafiri wa anga wangejibu barua hii katika ukurasa huu huu, na watueleze ni lini mara ya mwisho wao wenyewe walikaa ndani ya ndege ndogo ya Mafia kama abiria wa kawaida, bila kujitambulisha, wakasikiliza kinachosemwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Madale,
Dar es Salaam.